Chale na mama yake dirishani

Kwetu Tanga mtu wa vichekesho tulimwita chale. Ukizidisha mizaha wakati wa kula unaambiwa, "Acha uchale, kula." Nilikua nikidhani ni neno kama maneno mengine, mpaka babu aliponieleza kwamba lina mwenyewe. Babu alikata mkonge Korogwe enzi za ukoloni. Jioni moja moja lilikuja gari la sinema, likatundikwa shuka jeupe, na kwenye shuka lile akatokea mtu mfupi mwenye kofia nyeusi na bakora, viatu kama mitumbwi, anatembea kama bata. Wakata mkonge walitoka kila pembe, wengine Kiswahili chenyewe ndiyo kwanza wanajifunza, lakini hakuna aliyehitaji mkalimani, kwa kuwa yule mtu hakusema neno. Charlie wakamfanya Chale. Ndivyo babu alivyonihadithia Charlie Chaplin.

Siku hizi namsikia sana kwenye semina za kuhamasisha watu. Alizaliwa maskini London mwaka 1889, akajituma, akawa tajiri. Namba wanazotaja ni za kweli: mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 26, alisaini mkataba na kampuni ya filamu ya Mutual wa dola 670,000 kwa mwaka mmoja. Lakini hadithi ikisimuliwa hivyo kuna mtu anarukwa. Mimi ni mtoto wa fundi cherehani, na mtu huyo siwezi kumruka.

Mtu huyo ni Hannah, mama yake. Alikuwa mwimbaji wa majukwaani, jina la kisanii Lily Harley. Mume wake, naye mwimbaji, aliwaacha, na pombe ikamuua mwaka 1901. Usiku mmoja wa mwaka 1894, katika ukumbi wa askari huko Aldershot, sauti ya Hannah ilikatika katikati ya wimbo. Askari wakazomea. Meneja akamkamata mkono mtoto wa Hannah wa miaka mitano, akampandisha jukwaani mahali pa mama. Charlie akaimba, watu wakaanza kumtupia sarafu, naye akasimamisha wimbo akatangaza kwamba ataokota hela kwanza ndipo aendelee. Ukumbi ukaangua kicheko. Meneja alipokuja na leso kumsaidia kuokota, mtoto akadhani anaibiwa, akamfuata nyuma nyuma mpaka alipoziona fedha zimefika mikononi mwa mama yake. Wengi wanaishia hapo, kwamba nyota imezaliwa. Mimi fikra zangu zinabaki nyuma ya pazia. Charlie mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake alichotoa mwaka 1964, anasema usiku ule ulikuwa wa kwanza kwake jukwaani na wa mwisho kwa mama.

Hannah akageukia sindano. Alishona blauzi kwa malipo ya kipande kimoja kimoja, kwa cherehani aliyokuwa akiilipia kidogo kidogo. Malipo yakachelewa, wenyewe wakaja wakaichukua. Nilipofika ukurasa huo nilifunga kitabu. Mama yangu alishonea barazani kwetu, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, cherehani ya kukanyaga. Januari ilikuwa sare za shule, mwezi wa Ramadhani kanzu na magauni ya Idi, na miezi iliyobaki viraka. Najua nyumba inavyokuwa siku cherehani ikinyamaza.

Sasa, dirisha. Katika vyumba vile vya kupanga, Hannah alikaa dirishani akitazama wapita njia, na kwa mikono, macho na uso akaigiza yote yaliyokuwa yakitokea kule chini. Asubuhi moja jirani alipita akikokota miguu, viatu havijapigwa rangi. Hannah akawaambia wanawe kuwa huyo kagombana na mkewe, katoka nyumbani bila kifungua kinywa, na sasa hivi wangemwona akiingia kununua mkate. Kweli, akaingia. Charlie aliandika baadaye kwamba kwa kumtazama mama yake ndiko alikojifunza kusema kwa mikono na uso, na zaidi ya hapo, kumchunguza binadamu.

Mama yangu alikuwa na elimu hiyo hiyo. Mguu kwenye kanyagio, pini mdomoni, jicho barabarani. "Yule anadaiwa," anatuambia, "mtazame anavyojificha kwenye kivuli cha mwenzake akikaribia duka." Usiku ambao sufuria ilikuwa na uji mtupu, alituigizia mtaa mzima, mmoja baada ya mwingine, mpaka tukalala tumechoka kwa kucheka. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba zile ndizo zilikuwa siku zake ngumu kuliko zote.

Mwaka 1896 Hannah na wanawe wawili, Sydney na Charlie, waliingia nyumba ya maskini ya Lambeth. Sheria za humo zilimtenga mama na watoto. Charlie, miaka saba, akapelekwa shule ya watoto fukara ya Hanwell, akakaa karibu mwaka mmoja na nusu. Alipopata mapunye walimnyoa kichwa chote, wakampaka ayodini.

Halafu kuna siku moja ya Agosti 1898. Walikuwa wamerudishwa tena kwenye mikono ya nyumba za maskini, na Hannah akaomba watolewe, yeye na wanawe. Utaratibu uliruhusu: mtu akiomba, anarudishiwa nguo zake, anaondoka. Nguo zilikuwa zimefukizwa mvuke kuua wadudu, zimekunjamana vibaya. Hawakuwa na pa kwenda. Sydney alikuwa na peni tisa amezifunga kwenye leso. Wakaenda bustani ya Kennington, wakanunua nusu ratili ya cheri nyeusi, wakazila benchini. Sydney akavingirisha gazeti, akalifunga uzi, wakarushiana kama mpira. Wakanywa chai. Jioni Hannah akawaambia watawahi tu kurudi kwa chai ya kule. Wakarudi, wakajiandikisha upya, nguo zikafukizwa upya, maofisa wamekasirika. Mama yule aliisumbua taasisi nzima ili acheze na wanawe mpira wa gazeti mchana mmoja. Nimesoma mengi kuhusu Chaplin, na hakuna ninachokipenda kama siku hiyo.

Mwezi uliofuata Hannah alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Cane Hill. Alitoka, wakaishi tena pamoja, na mwaka 1903 akili ikamtoka tena. Charlie, miaka 14, alirudi nyumbani akakuta watoto wa mtaani wakimwambia mama yake amepata kichaa: amepita mlango kwa mlango akigawa vipande vya makaa ya mawe, akisema ni zawadi za watoto za siku ya kuzaliwa. Sydney alikuwa safarini baharini. Kijana akamshika mama mkono, wakatembea kwa miguu mpaka hospitali, mama akiyumba kwa udhaifu. Daktari alisema ni utapiamlo. Baadaye walipokwenda kumtazama, Hannah akamwambia Charlie kwamba kama angempa tu kikombe cha chai mchana ule, angekuwa mzima. Maneno hayo yalimwandama.

Kupanda kwake kulikuwa haraka, nami nitapita haraka. Mwaka huohuo alipata kazi ya kuigiza mtoto mtumishi katika mchezo wa Sherlock Holmes, pauni 2 na shilingi 10 kwa wiki. Kusoma kulikuwa bado kunampa taabu, Sydney ndiye aliyemkaririsha maneno. Mwaka 1908 Sydney tena akamfungulia mlango wa kundi la vichekesho la Fred Karno, na kundi hilo likamfikisha Marekani. Mwanzoni mwa 1914 alikuwa kwenye studio za filamu za Keystone, dola 150 kwa wiki, na siku moja akaambiwa avae chochote cha kuchekesha. Inasimuliwa kwamba suruali ilikuwa ya mwigizaji mwenzake Roscoe Arbuckle, mtu mnene sana, na viatu vya mwigizaji mwingine, Ford Sterling, vikubwa kiasi kwamba alivaa cha kushoto mguu wa kulia ili visimvuke. Mwendo wenyewe, alisema, aliutoa kwa mzee mmoja wa mtaani kwao aliyekuwa akishika farasi wa wateja nje ya baa. Alikuwa amemtazama tangu utotoni, kama alivyofundishwa kutazama.

Ndiyo maana nabishana na wale wa semina. Hanwell ilijaa watoto wenye njaa ile ile na vichwa vilivyonyolewa vile vile. Njaa haikumfundisha Charlie kuchekesha. Ilimnyima chakula, basi, na ikamnyang'anya mama. Fundi wake alikaa dirishani. Hata yule mtu wa viraka anayenyanyua kofia kumwamkia kila mtu, namwona Hannah ndani yake, mwanamke ambaye chumbani hakuna kitu lakini wanawe wakikosea kusema anawasahihisha.

Mwaka 1921 Charlie alitoa filamu yake kuhusu mtoto wa kuokotwa, The Kid, na chumba cha chini ya paa mle ndani ni kile cha utoto wake London. Mwaka huohuo yeye na Sydney wakamleta mama California, wakampa nyumba na wa kumtunza. Akaishi huko mpaka Agosti 1928. Miaka saba ya kupumzika, naifurahia kwa ajili yake, na bado naihesabu michache.

Mama yangu sasa macho yamepungua, uzi hauoni tena tundu la sindano. Mwezi uliopita nilikwenda Tanga, nikakaa naye pale barazani, nikamwonyesha Chale kwenye simu. Sikumweleza lolote. Aliishika simu karibu na uso, akamtazama akienda, akageuka na bakora yake, akaenda tena.

"Masikini," akasema. "Viatu vya kuazima hivyo."