Kutoka Owino hadi Wagagai

Niliingia soko la Owino, Kampala, na kamba yenye mafundo mawili. Fundo la kwanza ni pale kwenye kifupa kinachotokeza chini ya shingo ukiinamisha kichwa. La pili ni usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Kati yake kuna sentimita 46: huo ndio mgongo wangu, na begi la safari ndefu huchaguliwa kwa mgongo, si kwa kimo. Binamu yangu ananizidi kichwa kizima, lakini mgongo wake ni mfupi kuliko wangu. Urefu wake umeishia miguuni.

Mwaka juzi nilikwea Rwenzori kwa njia ya Kilembe na begi la lita 70 ambalo mkanda wake wa kiunoni ulikuwa utepe mwembamba tu. Mzigo wote ukaning'inia mabegani. Mchana wa siku ya pili vidole vya mkono wa kushoto vilikufa ganzi, kwa sababu kamba ilibana mishipa ya fahamu begani. Nikageuza, barafu ya Margherita, kilele cha juu kabisa cha Rwenzori, sikuiona, na iliniuma sana.

Kwa hiyo pale Owino sikuwa na haraka. Muuzaji, kijana wa Kikongo, alinionyesha mabegi manane ya mtumba. Matano niliyakataa kwa kamba peke yake. Lililobaki moyoni lilikuwa la lita 55, la kijani lililofifia, lenye fremu ndani na mkanda mpana wa nyonga uliojaa sponji.

"Usinunue kwa macho, kaka," akaniambia. "Vaa kwanza."

Akalijaza suruali za jinzi mpaka likawa na uzito wa kweli. Nikalegeza kamba zote, nikakaza mkanda kwanza juu ya mifupa ya nyonga, kisha kamba za mabegani, kisha zile ndogo za juu zinazolivuta begi lisianguke nyuma, na mwisho kamba ya kifuani. Nikazunguka nalo vichochoroni karibu nusu saa, wenye vibanda wakinipisha. Kiganja kilipenya kati ya bega na kamba bila taabu. Hapo nikajua mzigo umekaa kiunoni. Nililipa shilingi 120,000, na fundi cherehani wa jirani akaongeza mshono kwenye maungio ya kamba.

Mbale tulifika jioni, na asubuhi iliyofuata tukawa Budadiri, mji mdogo unaoanzia safari ya kupanda Mlima Elgon, mita 1,250 hivi juu ya usawa wa bahari. Binamu alikuwa na begi jipya, zuri kuliko langu kwa kila jicho. Mimi nina kilo 68, nikajiwekea mpaka wa kubeba kilo 13. Begi la kulalia chini kabisa, chakula na maji yakigusa mgongo kati ya mabega, nguo nyepesi upande wa nje. Kila kitu ndani ya mfuko mzito wa nailoni, maana Elgon hunyesha hata kiangazi.

Kwenye njia ya kupanda, katikati ya migomba na kahawa, tulipitwa na mama aliyebeba mkungu wa matoke kichwani juu ya ngata, na mtoto mgongoni amefungwa mbeleko. Nilimtazama kwa muda mrefu. Mkungu umesimama wima juu ya uti wa mgongo, mifupa ndiyo inayobeba. Mtoto amekazwa juu, amegandana na mama yake, hapepesuki. Begi zuri linafanya hivyohivyo: uzito uende kwenye mifupa, na mzigo ushikamane na mwili.

Siku hiyo ya kwanza ni ngumu. Njia yetu, iitwayo Sasa, inapanda zaidi ya mita 1,600 hadi kambi ya mtoni, na kwenye majabali ya Mudangi unapita kwa ngazi. Juu ya ngazi, begi linaloyumba ni hatari. Langu lilitulia. La binamu lilimvuta nyuma kila hatua, kwa sababu mkanda wake ulishuka chini ya nyonga, mabega yakabeba yote. Afande aliyetuongoza akamsimamisha kwenye msitu wa mianzi.

"Kijana, begi lako refu kwako. Pandisha mkanda, kaza."

Tulikaza, likateleza tena. Fremu ilikuwa ndefu mno, na hilo halina dawa njiani. Nikachukua hema lake, nikavuka mpaka wangu wa kilo 13 kwa hiari.

Kambi ya pango la Mude, mita 3,500, tulilala na baridi kali. Alfajiri tukaacha mizigo mikubwa, tukapita kwenye maseneso, mimea ya milimani, makubwa kama watu waliosimama ukunguni, na kabla ya adhuhuri tukawa Wagagai, kilele cha juu kabisa cha Elgon, mita 4,321. Vidole vyangu vyote kumi vilikuwa na uhai. Nililia kidogo.

Tuliporudi Mbale, tukisubiri basi na rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, mkononi, binamu alinigeuzia mgongo na kuinamisha kichwa. "Nipime," akasema. Nikaitoa kamba mfukoni. Sentimita 42. Akafunga fundo lake la tatu humohumo kwenye kamba yangu, akaitia mfukoni mwake.