Mtoto Alianza Uji Akaanza Kukoroma, Nikakataa Asikatwe Kimeo

Kama mwanao ameanza kula na sasa anapumua kwa sauti, nina hakika kuna mtu ameshakuambia, "Huyo ana kimeo, mpeleke akakatwe." Mimi niliambiwa na mama mkwe, na majirani, na hata mama mmoja tuliyekaa kiti kimoja kwenye daladala ya Mbagala, ambaye alikuwa tayari kunipa namba ya fundi wake hapohapo. Sikumpeleka. Mwanangu sasa ana mwaka na nusu, anapumua kimya, na kimeo chake kiko mdomoni kilipowekwa na Mungu. Najivunia hilo.

Sauti yenyewe ilikuwepo tangu akiwa mdogo sana, ila ndogo, ya kusikia ukiwa karibu. Alipofikisha miezi sita tukaanza uji, ikakua. Akivuta pumzi anatoa mlio mwembamba, kama kifaranga mwenye mafua. Akitoa pumzi, kimya. Akila inazidi, akilia inazidi, akilala chali inazidi. Homa hana, anacheka, ananyonya. Usiku mimi na baba yake tunalala kwa zamu tukimsikiliza.

Wifi yangu alikuja kutusalimia akasema uji unamwingia vibaya kwa sababu hatujui kumlisha. Akataka kunionyesha. Akamlaza mtoto mapajani, akaukinga mkono kwenye kidevu, akamimina uji mwepesi kwenye kiganja na vidole viwili vinaelekea puani ili mtoto afungue mdomo. Nikamnyang'anya mtoto. Najua wengi tumelelewa hivyo na tuko hai. Lakini fikiria: mtoto kabanwa pua, mdomo umejaa uji, na lazima avute pumzi. Huo uji unakwenda wapi? Mtoto mwenye shida ya njia ya hewa hata siku moja asilishwe hivyo, na asiye na shida pia.

Kituo cha kwanza tulichokwenda kilinikera zaidi. Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwangu, katulia, hana sauti hata kidogo. Aliyetuhudumia hakumfungua kifungo cha shati. Akaandika antibayotiki na dawa ya maji ya kifua, akaita mwingine. Ile ya kifua sikununua, kwa sababu dawa za kikohozi za dukani si za mtoto wa umri ule. Pale ndipo nilipoelewa kwamba nikienda tena mikono mitupu nitarudishwa vilevile, maana mtoto akifika mbele ya daktari ananyamaza.

Nikaamua kumrekodi. Hii ndiyo kazi niliyoifanya kwa akili kuliko zote, na namwambia kila mama aifanye. Zima redio na feni. Mvue mtoto nguo ya juu, taa iwashwe, simu iwe karibu ili ionekane kuanzia pua mpaka kitovu, maana daktari anataka kuona kifua pamoja na kusikia sauti. Nilimrekodi akiwa ametulia, nikamrekodi akila uji, nikamrekodi analia. Kisha nikamlaza chali nikarekodi, nikamgeuza kifudifudi akiwa macho, mimi nimekaa pembeni, nikarekodi tena. Alipogeuzwa kifudifudi sauti ikapungua karibu yote! Sikujua maana yake, lakini nilijua nimekamata kitu. Kulala usiku tuliendelea kumlaza chali, kwa sababu ndivyo inavyoshauriwa kwa watoto wachanga.

Halafu nikahesabu pumzi. Mtoto akiwa amelala au ametulia, hajalia, unaangalia tumbo likipanda na kushuka kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja akifika pumzi 50 au zaidi kwa dakika, hiyo ni kasi ya hatari. Akishatimiza mwaka, hatari inaanzia 40. Wangu alikuwa thelathini na kitu kila nilipohesabu. Niliziandika kwenye karatasi pamoja na tarehe, nikaibana ndani ya kadi ya kliniki.

Hospitali ya rufaa daktari wa masikio, pua na koo aliziangalia video mbili tu. Akauliza uzito, akafungua kadi, akaona mstari unapanda vizuri, akatulia. Akapitisha puani mpira mwembamba wenye kamera, mtoto alilia sana lakini ni dakika chache. Akaniambia inaitwa laringomalasia: sehemu ya juu ya njia ya hewa bado ni laini, mtoto akivuta pumzi inajikunja kuelekea ndani, ndiyo inayotoa mlio. Ndiyo sababu kubwa ya mlio wa aina hiyo kwa wachanga. Huanza wiki za mwanzo, mara nyingi hukolea kati ya miezi minne na minane, yaani palepale tunapoanzisha uji, kisha kwa watoto wengi huisha yenyewe kati ya mwaka mmoja na miwili. Wachache ndio wanaohitaji upasuaji: wasiopanda uzito, wanaoshindwa kula, wanaokatika pumzi. Pesa ilinitoka, laki na ushee ukiweka na nauli, na siijutii.

Ulishaji wetu ulibadilika kidogo. Anakaa wima, mgongo umeegemea kifua changu, au ndani ya beseni lililojazwa khanga pande zote. Uji mzito usiomwagika ovyo kwenye kijiko, vijiko viwili vitatu, mara mbili au tatu kwa siku mwanzoni. Kijiko kingine hakiendi mpaka ameze na avute pumzi. Akigeuza uso, tumemaliza. Baada ya kula hatumlazi, anabebwa wima kama nusu saa, kwa sababu watoto hawa hucheua sana na kile kinachopanda kinawasha koo. Akiwa na mafua, matone ya maji ya chumvi ya dukani kila pua kabla ya kula, maana pua ikiziba mtoto hawezi kumeza na kupumua. Ule unga wa lishe wenye nafaka kumi na karanga ndani sikuutumia. Nilianza na kimoja kimoja. Sauti ikianza ghafla dakika chache baada ya chakula kipya, na midomo ikavimba au vipele vikatoka, huo ni mzio, kimbia hospitali.

Na msichanganye kukohoa na kupaliwa. Mtoto anayetoa ulimi, anakohoa na kutokwa machozi anajisaidia mwenyewe, muache wima. Anayetisha ni yule aliyenyamaza, hakohoi, halii, midomo inageuka rangi. Huyo unamlaza kifudifudi mkononi, kichwa chini, unampiga mgongoni kati ya mabega mara tano.

Mama mkwe hakukubali haraka. "Baba yake tulimkata, akapona." Nikamwambia, "Mama, kamera imeingia mpaka ndani, shida iko chini kabisa ya kimeo. Tukikata hiki tutabaki na sauti ileile na kidonda juu yake." Nikamwambia na mengine: watoto wanaotoka damu isiyokatika, wanaopata pepopunda na sumu ya damu kwa wembe wa fundi. Alikaa kimya, kisha akasema basi tumpe muda. Sasa yeye ndiye anayewazuia wengine.

Mwezi uliopita jirani alinijia na wa kwake wa miezi saba, amesikia wangu alipona bila dawa, anataka nimtulize. Tukamvua shati. Mbavu za chini zilikuwa zinabonyea ndani kila anapovuta pumzi, na nilipohesabu alikuwa amepita 60, na hataki kunyonya. Nikamwambia, "Dada, hii siyo ile ya kwangu, vaa viatu." Tulichukua bajaji usiku uleule. Ilikuwa nimonia, aliwekwa oksijeni na sindano, na wiki iliyofuata walirudi nyumbani.