Kabla hujaweka oili nzito kwenye injini iliyochoka

Gari likishavuka kilomita 200,000 na kuanza kula oili, ushauri huja haraka: achana na hiyo nyepesi, weka 20W-50, iliyo nzito zaidi (namba hizi nitazieleza mbele). Unatolewa kwa nia njema, lakini mara nyingi unaruka hatua muhimu kuliko zote. Injini iliyoundwa kwa 5W-30 haigeuki injini nyingine kwa sababu imezeeka. Njia zake za oili ni nyembamba vilevile, na kilicholegea ndani hakikazwi na dumu la oili. Kupandisha uzito kuna wakati wake, ila kwanza ujue oili inapotelea wapi.

Anza kwa kupima. Egesha gari pa tambarare, zima injini, subiri dakika 10 oili yote ishuke kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Chomoa dipstiki, ifute, irudishe hadi mwisho, kisha uichomoe tena usome. Jaza mpaka alama ya juu na uandike kilomita za siku hiyo. Ukitimiza kilomita 1,000, rudi palepale ulipoegesha mara ya kwanza, na uongeze oili kwa chombo chenye alama za mililita hadi ifike pale ilipokuwa. Ulichoongeza ndicho kilichopotea. Chini ya mililita 300 kwa gari la umri huo, mimi nisingegusa kitu: endelea na uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, na ukague dipstiki kila wiki. Ikifika nusu lita, tafuta chanzo.

Chanzo cha kwanza ni kuvuja, na hapo hata uzito wa oili hauna neno kubwa. Angalia gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), sili ya mbele ya krenkishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), na pale injini inapoungana na giaboksi. Harufu ya kuungua baada ya safari ndefu, bila moshi wowote nyuma, mara nyingi ni oili inayodondokea ekzosi kutoka kwenye tapeti kava.

Kabla ya kununua sili hata moja, kagua valvu ya PCV. Hii ndiyo inayoruhusu mvuke na gesi za ndani ya injini zivutwe na kuchomwa upya. Ikiziba, presha inapanda ndani ya injini na kuisukuma oili itoke kwenye kila sili iliyochoka. Unaweza kubadilisha sili ya krenki leo na mwezi ujao ikalowa tena, kwa sababu kilichoisukuma bado kipo. Ichomoe na kuitikisa: nyingi zikiwa nzima hulia ndani, zilizoganda na uchafu hukaa kimya. Kipimo kingine ni kufungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma taratibu, na kuweka karatasi nyepesi juu ya tundu. Injini yenye afya huivuta karatasi kidogo au huiacha itulie. Ikiipeperusha, ama PCV imeziba ama ringi, zile pete za pistoni, zinapitisha gesi.

Kama hakuna kinachovuja, oili inaungua, na moshi utakuonyesha wapi. Moshi wa bluu unaotoka kwa sekunde chache tu asubuhi unapowasha, au baada ya kukaa kwenye foleni kisha ukakanyaga mafuta, ni wa sili za valvu: oili imeteremka polepole kwenye shina la valvu na kujikusanya juu ya silinda. Moshi wa bluu unaoendelea kila unapopanda mlima na mzigo ni wa ringi. Ili kuthibitisha, pima kompresheni (presha ya kubana) ya kila silinda, kisha mimina kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena. Namba ikipanda sana, ringi au silinda imelika, maana oili imeziba pengo kwa muda. Isipopanda, tatizo ni valvu.

Kuna injini ambazo ringi zake hazijalika, zimeganda tu. Ringi ya chini kabisa, ile ya kukwangua oili, ina matundu madogo ya kuirudisha oili kwenye sampu. Yakizibwa na masizi, oili inabaki kwenye ukuta wa silinda na kuungua. Oili nzito haizibui matundu hayo. Kinachoweza kusaidia, na si kwa hakika, ni oili nzuri yenye visafishaji, ikibadilishwa kila kilomita 5,000 bila kuchelewa.

Sasa namba zenyewe. Kwenye 10W-40, herufi W inatokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi, na 10 inaeleza jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi. Namba ya mwisho, 40, inaeleza uzito wake ikiwa nyuzi 100 za Selsiasi, yaani injini ikiwa imepata moto. Watu wengi hudhani kwamba penye joto namba ya kwanza haina maana. Hata asubuhi ya joto, oili iliyolala usiku kucha ni nzito mara kadhaa kuliko itakavyokuwa baada ya dakika 20 za kuendesha, na msuguano mwingi hutokea pale oili haijafika juu kwenye kamshafti, mhimili unaofungua valvu. Kwa hiyo ukitaka kupandisha uzito, pandisha namba ya mwisho na uiache ya kwanza iwe ndogo. Kutoka 5W-30 nenda 5W-40, au 10W-40 kama huko unakoendesha hakuna baridi kali. Usirukie 20W-50.

Hatua hiyo moja huongeza uzito wa oili ya moto kwa takriban theluthi. Inatosha kupunguza oili inayopita kwenye ringi zilizolika kiasi, na kutuliza kelele ndogo za injini. Haitoshi kuokoa beringi zilizokwisha, zile zinazobeba krenkishafti, na sababu yake ni hesabu tu: oili inayochuruzika kupitia pengo la beringi huongezeka kwa mchemraba wa pengo lenyewe. Pengo likikua kutoka milimita 0.04 hadi 0.08, yaani mara mbili, oili inayokimbia pale ni mara nane. Theluthi moja ya uzito itazuia nini hapo?

Hasara za kuzidisha uzito zinaonekana zaidi kwenye injini zenye mfumo wa kubadilisha taimingi ya valvu, kama VVT-i. Mfumo huo unasukumwa na oili yenyewe, ikipita kwenye valvu ndogo yenye kichujio cha waya. Oili nzito huchelewa kufika, kamshafti inajibu kwa kuchelewa, na taa ya injini inaweza kuwaka. Fundi anabadilisha sensa, tatizo linabaki kwenye sampu.

Baada ya uzito, tazama herufi. Kwa petroli, alama ya API, yaani kiwango cha ubora kilichoandikwa kwenye dumu, huanza na S: SN ni ya 2010, SP ni ya 2020, na mpya inaweza kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Kuna kundi moja linalohitaji uangalifu: injini za zamani zenye tapeti bapa na springi kali za valvu. Hizo zinalindwa na kiungo cha zinki na fosforasi, ambacho kimepunguzwa kwenye oili nyepesi za kisasa ili kisiharibu kataliki, kile kisafisha gesi cha kwenye ekzosi. Kwa injini hizo tafuta oili inayosema wazi kuwa ina zinki ya kutosha. Oili ya dizeli kwenye injini ya petroli nisingeiweka, isipokuwa dumu lina alama zote mbili, ya C (ya dizeli) na ya S.

Oili zinazouzwa kwa ajili ya magari yaliyotembea sana si hadaa. Zina kemikali zinazolainisha mpira wa sili uliokauka na kuuvimbisha kidogo. Sili inayolowa tu inaweza kukauka baada ya kubadilisha oili mara moja au mbili. Iliyopasuka haitarudi.

Ukikuta uji mweusi chini ya kifuniko cha oili, usimwage dawa ya kuosha injini. Inabandua mabonge kwa mpigo, nayo yanakwenda kukaa kwenye chujio la pampu ndani ya sampu, na beringi zinakosa oili. Badilisha oili na filta baada ya kilomita 2,000, rudia mara mbili au tatu, uchafu utoke kidogo kidogo.

Filta usiifanyie ubahili. Nyingi zina mpira wa ndani unaozuia oili kurudi chini injini ikizimwa. Ukiwa dhaifu, utasikia mngurumo mkavu sekunde mbili za kwanza kila asubuhi. Hakikisha mpira wa filta kuukuu haujabaki umeganda kwenye injini, paka ule mpya oili, na ufunge kwa mkono: ukishagusa, ongeza robo tatu za mzunguko. Kama kitabu kinasema lita 4, mimina 3.5, washa dakika moja, zima, subiri, ndipo umalizie kwa kufuata dipstiki. Ikizidi, krenki inaipiga hadi inatoa povu, na povu halilainishi kitu.

Taa ya oili ikimulika injini ikiwa moto na haijakanyagwa, usiongeze uzito ili izimike. Fungua sensa, funga geji ya kupimia, usome presha halisi na uilinganishe na kitabu cha gari. Ikiwa chini kweli, sampu ishushwe, chujio la pampu na beringi vikaguliwe sasa, krenkishafti ikiwa bado haijachimbika.