Picha ya ECG ilivyoanza kusomeka

Hospitali yetu ya wilaya haina bingwa wa moyo. Mgonjwa akija ameshika kifua, jasho linamtiririka, tunampima ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ndani ya dakika 10 na kumtumia picha WhatsApp bingwa aliye mjini. Shida ikawa picha zenyewe. "Dada, hapa naona mng'ao tu," alinijibu usiku mmoja, huku mzee wa watu anagumia kitandani.

Mchawi alikuwa flashi. Karatasi ya ECG inateleza, inarudisha mwanga, mistari inapotea. Sasa flashi naizima, karatasi nailaza mezani, simu naishika juu yake bila kuinamisha. Napiga nzima, kisha vipande. Vile viboksi vidogo lazima vihesabike, maana ST, kile kipande cha mstari kinachofuata mchongoko wa pigo, ikipanda hata milimita 1 habari inabadilika. Naandika umri, presha na saa maumivu yalipoanza. Jina silitumi.

Yule mzee? Picha ya pili ilisomeka: mshtuko wa moyo, ukuta wa chini. Aspirini miligramu 300 alikuwa ameshatafuna. "Nitrogliserini subiri, pima kwanza ECG ya upande wa kulia wa kifua," bingwa akaandika. Dawa hiyo hutanua mishipa, na upande wa kulia wa moyo ukiwa umeumia, presha inaweza kuporomoka. Nilikuwa nimeshaishika mkononi.