"Chalali": neno la nyumbani nililolikuta Athens

Bibi ninayemtunza hapa Kypseli, mtaa wa Athens, ni Mkristo wa Kiorthodoksi, hapitishi jioni bila kuwasha taa ndogo mbele ya picha ya Bikira Maria. Siku moja tulikuwa jikoni tunachambua maharage mabichi, mjukuu wake akaja kuomba pesa ya viatu. Bibi akajifuta mikono, akafungua kipochi, akamhesabia yuro 60. Kijana alipotoka nikamwambia pesa hizo ni nyingi. Akajibu huku akiendelea na maharage yake: "Chalali tou."

Nikaacha kisu. Mimi ni mtoto wa Tanga, halali na haramu nimezisikia tangu madrasa. Sasa hii halali ya Bibi ni ipi?

Ile "ch" hutamkwa kama "kh" ya kheri. Waturuki walilichukua neno kwa Waarabu, kule kule tulikolichukua sisi, na Wagiriki wakalipata kwa Waturuki waliowatawala karne nyingi kabla ya vita vya uhuru vya 1821. Nyama ya halali wao huiita "chalal", bila i ya mwisho. Lakini "chalali" ni kielezi cha mazungumzo, husemwa juu ya pesa, jasho au usiku uliokesha kwa ajili ya mtu: nimetoa, na moyo wangu mweupe. "Tou" ni kwake, "sou" ni kwako.

Pacha wake ni "charami". Chakula kikimwagwa, au siku ikiishia kwenye foleni bure, watasema "pije charami", imepotea hivi hivi. Na mvivu anayekula jasho la wenzake ni "charamofais", mla haramu kabisa!

Lakini chalali ndiyo iliyonishika. Siku naondoka, mama alikuwa ameshauza bangili zake mbili ili nipate nauli. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mama, unihalalishie." Akasema, "Nimekuhalalishia, mwanangu." Nilimsimulia Bibi hayo kwa Kigiriki changu cha kuungaunga. Akaniomba nilirudie lile neno la mama, polepole, mara tatu.

Siku hizi nikituma pesa nyumbani, mama hulalamika kwenye simu kwamba najinyima. Namjibu, "Chalali sou, mama." Hajawahi kuniuliza maana yake.