Matairi sita saa tisa usiku

Juzi lori la friji liliegesha nyuma ya duka la jirani, likaunguruma hadi alfajiri. Baba Watoto akageukia huku, akageukia kule, akasonya, mwisho akajifunika mto kichwani. Mimi nikawa nacheka peke yangu gizani.

"Kuna nini?"

"Namkumbuka baba yako."

Hakuuliza zaidi. Anajua ni safari ipi.

Ni kile kiangazi Mzee alipokuja Iowa, tukakodi gari la kulala, haya ambayo Wamarekani wanayaita RV, tumpeleke hifadhi ya Yellowstone. Wazo lilikuwa la mwanawe. Mtu aliyeendesha Scania kutoka Dar hadi Lubumbashi, aliyelala kwenye foleni ya mpakani Tunduma siku baada ya siku, angekosaje kuifurahia nyumba yenye usukani? Nikakubali. Kisha nikaingia ndani kuliona.

Juu ya kichwa cha dereva kuna kitanda, watoto wakakirukia. Nyuma kabisa kuna kingine, chetu. Meza ya kulia chakula inashushwa na kutandikwa godoro, hapo ni pa Mzee. Kati yangu na yeye: pazia, na choo chenye mlango usiozuia hata kikohozi.

Wanyakyusa mtanielewa. Kwa desturi ya zamani ya kule Rungwe, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona anakuja, anapisha njia. Mzee ni Mkristo wa Kanisa la Moravian, amezunguka nchi za watu, na wakati wa harusi yetu alitamka mwenyewe kwamba mambo hayo yameisha. Na kweli yaliisha, kwenye nyumba zenye kuta.

Nebraska tulilala kwenye kituo cha malori kando ya barabara kuu ya I-80. Kushoto lori la friji, kulia lori la friji, mitambo ya baridi inawaka, inazima, inawaka tena. Hakuna aliyefumba jicho ila Mzee, aliyelala usingizi wa pono na kuamka akiusifu uwanja: taa zipo, madereva wenzake wapo, "hapa hata mafuta huibiwi."

Wyoming nairuka. Upepo ulitupiga ubavuni tangu Laramie, mume wangu kaukumbatia usukani, Mzee kando yake anamwelekeza kubadili gia kwenye gari linalojibadilishia lenyewe.

Fishing Bridge, ndani ya Yellowstone, mahema hayapokelewi. Ni eneo la dubu, wale wakubwa, grizzly, kwa hiyo wanaruhusiwa wenye magari ya kuta ngumu tu. Tena ni juu, zaidi ya mita 2,300, na usiku wake hata kiangazi unataka sweta. Mume wangu akatoa simu, programu yake ikasema gari limekaa sawa. Mzee akaomba sufuria ya ugali. Akaitia maji nusu, akaiweka sakafuni karibu na friji, akapiga magoti kuitazama.

"Limeinamia upande wenu wa kichwani," akasema. "Mtaamka vichwa vinauma."

Basi ikawa rudi, rudi, simama, nimesema simama! Vibao vya plastiki vikaingizwa chini ya matairi ya nyuma, sufuria ikakaguliwa tena, hadi maji yakalingana na ukingo pande zote. Tundu la darini akaliacha wazi upana wa kidole, maana pumzi za watu watano zikikosa pa kutokea zinageuka maji kwenye vioo na kuloanisha godoro. Vijiko akavikunja ndani ya taulo visigongane. Kila kitu kikanyamaza.

Kikanyamaza mno. Saa tisa hivi nikaamka nimebanwa, na nilimsikia mtoto akimeza mate kule juu. Nikapima hatua hadi chooni, nikapima na sauti zitakazotoka humo, nikarudi chini ya blanketi kuvumilia. Kuvumilia nako kuna mwisho. Nikasogeza pazia.

Godoro la mezani lilikuwa tupu, blanketi limekunjwa pembe kwa pembe. Mzee alikuwa kwenye kiti cha dereva, na koti lake na kofia yake ya sufu, mikono juu ya magoti, anatazama mbele kama mtu ambaye foleni yake itasogea sasa hivi. Hakugeuka. Alikohoa kidogo, akasema, akikiambia kioo:

"Ngoja nikaangalie matairi."

Akachukua tochi na gongo aliloliokota njiani, akafungua mlango, akatoka. Huko kwenye dubu.

Nikaingia chooni. Pu! Tairi la mbele kushoto. Pu! La mbele kulia. Madereva wa malori hugonga matairi kusikiliza kama yana upepo, hilo nalijua, ila ugongaji huo ulikuwa wa nguvu kuliko tairi lolote linavyohitaji. Gari lile lina matairi sita, mawili mbele, manne nyuma. Aliyagonga yote, akaanza upya. Masharti ya pale ni kimya kuanzia saa nne usiku. Taa ya jirani ikawaka, mtu akasema neno. Mzee akaendelea kugonga. Aliacha baada ya kusikia maji ya choo, na hata hapo akabaki huko nje akisafisha koo, hadi nilipokwisha kufunga pazia ndipo mlango ukalia.

Asubuhi nikapiga goti. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Mmelalaje?"

"Salama. Na wewe, baba?"

"Nimelala sana."

Mchana tukampeleka Old Faithful, chemchemi ya maji moto inayoruka kila baada ya kama dakika 90. Akalala pale pale kwenye benchi, katikati ya umati, watoto wa watu wanapiga kelele. Maji yakaruka, yakatua, Mzee anakoroma.

Mume wangu anasema nakuza mambo. Dereva wa masafa akiwa peke yake porini halali, anasema. Wezi wa dizeli wanapenda kimya. Penye malori mengi ndipo anapofumba macho. Inaingia akilini. Lakini Nebraska kelele zilifunika kila kitu, cha kwake na cha kwangu, na hilo mume wangu hataki kulisikia. Kumuuliza mwenyewe siwezi, kuna maswali mkwe haulizi.

Mwaka jana mwanawe akamuuliza, kwa simu, spika imewashwa, mimi nipo jikoni. "Baba, ule usiku wa dubu ulitoka kufanya nini?"

Mzee akafikiri kidogo. "La nyuma kushoto lilikuwa na upepo mdogo," akasema. Kisha akauliza mahindi ya Iowa yamefikia wapi.