Midundo Miwili: Nilipoacha Uhasibu Nikaanza Uuguzi

Wasiwasi wangu una saa yake. Huja alfajiri, kabla sijafumbua macho vizuri. Kifua kinabana, tumbo linavurugika, na swali ni lile lile: umeacha kazi uliyoijua, sasa umejiingiza wapi? Darasani tulifundishwa kwamba kotisoli, homoni ya msongo, hupanda katika nusu saa hivi ya kwanza baada ya mtu kuamka, hata kwa mwenye afya njema. Nilipolisikia hilo nilishukuru. Halikuniondolea ile hali, ila tangu hapo sifanyi uamuzi wowote wa maisha kabla sijaoga. Mawazo ya alfajiri nayaacha yapite. Yatakayokuwa bado yapo saa nne asubuhi, hayo nitayasikiliza.

Nilikuwa mhasibu. Sikufukuzwa, wala kazi sikuichukia. Nilimuuguza baba kwa muda mrefu, nikawatazama wauguzi wakifanya kazi, na hamu ya kufanya kazi ile haikunitoka tena hata baada ya yeye kupona.

Nilidhani kitakachonitisha zaidi ni pesa. Inatisha kweli, sikatai, lakini pesa inahesabika. Nilikaa na mume wangu tukaandika matumizi ya mwezi, tukaona akiba itatufikisha wapi na wapi tubane. Baada ya hapo hofu ya pesa ikawa shughuli ya kusimamia, kama shughuli nyingine za nyumbani. Iliyobaki ndiyo ngumu, maana haina safu wala jumla. Ofisini nilikuwa mtu wa kuulizwa. Mwisho wa mwezi taarifa ya benki ikikataa kulingana na leja, niliitwa mimi. Sasa anayeuliza ni mimi. Nauliza glavu zinawekwa wapi, nauliza fomu hii inajazwa na nani, na wanaonijibu ni mabinti ambao ningeweza kuwa shangazi yao. Wananijibu kwa heshima, wananiita dada, na bado nikitoka pale najihisi nimepungua.

Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kuwa uchungu wa kupoteza huwa mzito kuliko furaha ya kupata kilicho sawa nacho. Naamini ndiyo maana miezi ya mwanzo niliona hasara tupu. Nilichokiacha nilikijua kwa jina: cheo, meza, mshahara wa tarehe fulani. Ninachokiendea hakijawa na sura bado, na moyo hauwezi kukipenda kitu usichokiona.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni ya kupima presha kwa mkono, kwa mgonjwa halisi. Unafunga mkanda juu ya kiwiko, unajaza hewa, unaweka stetoskopu juu ya mshipa wa ateri, kisha unaachia hewa taratibu, milimita mbili hivi za zebaki kwa sekunde. Mdundo wa kwanza kusikika ndiyo namba ya juu. Midundo inapotoweka, hapo ndiyo namba ya chini. Njia yenyewe ni ya mwaka 1905, ya daktari Mrusi Nikolai Korotkov. Niliijua kwa kichwa. Lakini nilipoweka stetoskopu masikioni nilisikia midundo kila mahali, na sikuweza kutofautisha ipi ya mgonjwa na ipi yangu. Adrenalini, homoni ya hofu, ilikuwa imefanya kazi yake: moyo mbio, viganja vimelowa, sindano ya kipimo inashuka mbele ya macho yangu na mimi sijui nimesikia nini.

Mgonjwa alikuwa mama mtu mzima. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo kwa sauti ndogo, naye alikuwa ameshaniona. Akaniambia, "Pima taratibu mwanangu, mimi nipo." Mkufunzi aliyesimama nyuma yangu akasema, "Achia hewa yote, mpumzishe mkono kidogo. Na wewe toa pumzi." Nikatoa pumzi ndefu, nikaingiza, nikatoa tena. Mtu anapotoa pumzi, neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni, hupunguza kasi ya moyo. Ndiyo maana pumzi ya kutoka inafaa iwe ndefu kuliko ya kuingia. Nikajaza hewa upya. Safari hii nilimsikia yeye: mdundo mkavu, wa mbali kidogo, wenye mpangilio wake. Nikaandika namba, mkufunzi akapima baada yangu, zikakaribiana.

Jioni ile nilitamani sana kuomba nisipangwe tena kupima. Hapo ndipo pa kujiangalia, nasema kwa uzito. Ukikwepa kinachokutisha, unapata nafuu saa ile ile, na ubongo unajifunza kuwa umeokoka kwa sababu umekwepa. Kesho hofu inarudi ikiwa kubwa zaidi. Kwa hiyo nikaomba kinyume chake: nipime wagonjwa wengi niwezavyo, mkufunzi akiwa karibu. Viganja viliendelea kulowa kwa muda. Nilipima navyo hivyo hivyo.

Nina daftari pia. Wasiwasi ukinijia mchana nauandika kwa mstari mmoja na kuuahirisha hadi jioni, ambapo nimeutengea robo saa. Jioni nasoma mistari ile na kuuliza kila mmoja: kuna la kufanya? Likiwepo, naliandika. Lisipokuwepo, nafunga daftari. Mengi huwa yameshapoa. Kahawa nayo nimeipunguza, kwa sababu kafeini huongeza mapigo ya moyo na sihitaji msaada huo.

Kuna kipindi hayo yote hayakutosha. Nilikuwa silali, nasoma ukurasa mmoja mara nyingi bila kuuelewa, nikaenda kumwona mshauri nasaha. Nalisema waziwazi kwa ajili ya anayepitia hali hiyo na anaona aibu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa wakiishi na maradhi ya wasiwasi, na maradhi hayo yana tiba, ya mazungumzo na ya dawa. Wasiwasi ukikunyima usingizi wiki kwa wiki, ukakuzuia kula au kutoka nyumbani, usikae nao peke yako.

Watu wanaonipenda huniambia, "Usiwe na wasiwasi." Najua wanachokitaka, lakini neno hilo huniacha nikiwa na wasiwasi juu ya wasiwasi wenyewe. Dada yangu mkubwa huuliza tofauti. Hanitulizi wala hanihimizi, huniuliza tu, "Kesho unaanza na nini?" Na kila mara napata la kumjibu. Jana nilimwambia naanza na kusafisha vidonda wodi ya upasuaji, na kwamba nina maswali ya kumuuliza sista wa zamu kabla sijagusa bandeji ya kwanza. Akataka kuyasikia. Nikamsomea yote.